Lila Downs, Adidas na Noma ya Oaxaca: Nani Anaruhusiwa Kuuza Vitu za Shosho?

Kama hiyo stori ilikupita, iko hivi. Agosti 2025 Adidas walijipata pabaya ju ya kiatu. Kiliitwa Oaxaca Slip-On, na dizaina wake alikuwa Willy Chavarria, msee mzito kwa mambo ya luku huko Marekani. Juu kilikuwa kimesukwa kama huarache, chini kina soli ya raba za kawaida. Huarache ni sandali za ngozi za Mexico, na nyingi soli yake hukatwa kutoka kwa tairi nzee za gari, so wewe unayejua akala tayari uko nyumbani. Na Oaxaca inasomwa "Wahaka", usijiaibishe mbele ya watu.

Shida ni kwamba huko milimani Oaxaca kuna mji unaitwa Villa Hidalgo Yalálag, na Wazapoteko wa hapo wamekuwa wakisuka hizo sandali tangu enzi za mababu. Serikali ya jimbo ilisema wazi: hii ni kazi ya Yalálag na hakuna mtu aliuliza mtu. Rais Claudia Sheinbaum naye akaingilia. Chavarria akaomba msamaha. Alafu tarehe 21 Agosti mwakilishi wa Adidas akapanda hadi Yalálag kwenyewe, akasimama mbele ya wenyeji na kuomba radhi. Kampuni ya Ujerumani inapanda mlima kuomba mafundi wa viatu msamaha. Si kila wiki unaona hiyo.

Sasa, kuna kitu wengi waliruka. Chavarria si mgeni kabisa kwa hiyo nyumba. Alizaliwa California, na kwa upande wa budake ni Mmexico. Alisema nia yake ilikuwa kuheshimu Oaxaca, na mimi sina sababu ya kusema alidanganya. Lakini wazee wa Yalálag hawakujali damu yake. So kama damu haikupi ruhusa, ni nini inakupa? Hiyo ndio swali imenifanya nimrudie msanii mmoja wa jimbo hilo hilo ambaye naye ni nusu Mmarekani, naye ameuza Oaxaca dunia nzima kwa karibu miaka 30, na bado akirudi nyumbani anapokelewa kama msichana wa kwao. Anaitwa Lila Downs.

Jina lake kamili ni Ana Lila Downs Sánchez. Alizaliwa 1968 huko Tlaxiaco, milimani Oaxaca. Mathe wake, Anita Sánchez, ni Mmixteko, mmoja wa wale watu waliokuwa hapo kabla Wahispania wafike. Anita alihepa kwao akiwa na miaka 15, akaenda Mexico City kuimba kwa makilabu. Budake Lila, Allen Downs, alikuwa Mmarekani, profesa wa sanaa huko Minnesota na mtu wa kushuti filamu. Lila akakulia huku na huku, mwaka huu Oaxaca kwa mathe, mwaka ule Minnesota kwa baridi.

Na hakuwa anajivunia asili yake, hapana. Amesema mwenyewe kwa mahojiano mara nyingi kwamba alikuwa anaona aibu kuwa mtoto wa mama Mwindio, hadi akapaka nywele rangi ya dhahabu. Huko Mexico kumwita mtu "indio" ni matusi kamili, kwa hivyo mtoto akijua mathe wake anaongea Kimixteko, anajifunza mapema kunyamaza. Usicheke. Kuna mtu anasoma hii akiwa kwa mathree, na simu ya shosho ikiingia anaishika kwa sauti ya chini ndio watu wa nyuma wasijue anaongea lugha gani.

Budake alikufa Lila akiwa na miaka 16. Baadaye akajiunga na Chuo Kikuu cha Minnesota, akisomea uimbaji na anthropolojia. Alafu akasare. Akaacha vitabu, akaanza kufuata bendi ya Grateful Dead kutoka mji hadi mji, akiuza vipuli na shanga ndio apate doh ya kula. Sisi tuliosare chuo njiani tunaipenda sana hii sehemu ya stori, tungeishia hapo kama tungeruhusiwa. Lakini alirudi akamaliza, na mada aliyochagua ndio inanishika: nguo zinazofumwa na wanawake wa Kitriki, jirani za Wamixteko. Kina mama hao hufuma blauzi ndefu inaitwa huipil, mfumo umefungwa kiunoni, na michoro iliyo kwa kitambaa ni habari unayoweza kusoma: mvaaji ni wa wapi, watu wake wanaamini nini. Yaani kabla ya kuzivaa jukwaani, alikaa chini kama mwanafunzi akafunzwa kuzisoma.

Lakini kilichomgeuza kabisa hakikutokea darasani.

Mathe wake alikuwa na duka la spea za magari Tlaxiaco, na Lila alikuwa akisaidia kuuza. Siku moja mzee mmoja akaingia na karatasi imeandikwa Kiingereza. Alitaka mtu amsomee inasema nini. Kilikuwa cheti cha kifo. Kijana wake alikuwa amekufa maji akijaribu kuvuka mpaka kuingia Marekani, na huyo ndiye Lila, wa nywele za dhahabu wa zamani, anasimama kati ya makopo ya oili akimwambia baba wa watu kwa Kihispania jinsi mtoto wake alivyokufa. Baadaye akaandika wimbo unaitwa Ofrenda. Ofrenda ni sadaka unayowekea wafu.

Fikiria hiyo kidogo. Mzee hakuja kutafuta msanii, na hakuja kutafuta mtu wa kumwimbia habari za asili. Alikuja ju alijua msichana wa Anita anaelewa Kizungu. Kitu kilichohitajika siku hiyo kilitoka upande wa budake, ule upande ambao watu wa "rudi kwa asili yako" hutaka uufiche. Lila hakuutupa. Miaka iliyofuata amejenga kazi yake yote hapo katikati: anaimba Kihispania, Kiingereza, Kimixteko, Kizapoteko, Kinahuatl, Kimaya. Albamu yake ya 2001 inaitwa Border, kwa Kihispania La Línea, na ni ya watu kama kijana wa yule mzee. Wakati huo siasa za mpaka hazijakuwa kitu cha kutrendi.

Sasa tuongee mambo ya wafu, ju hapa ndio biashara na roho hugongana sana.

Wengi wetu tunajua Siku ya Wafu ya Mexico kwa sababu ya sinema ya Coco. Tarehe 1 na 2 Novemba familia inajenga madhabahu nyumbani: picha za waliokufa, mishumaa, ubani, maua ya rangi ya chungwa, chokoleti, pombe ya mezcal kama marehemu alikuwa wa kunywa. Wanaamini wafu hurudi usiku huo kutembelea nyumbani, na harufu ya maua na ubani ndiyo huwaonyesha njia. UNESCO iliiweka kwa orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu 2008. Kumbuka hii ni kitu cha nyumbani. Unampikia shosho wako chakula alichopenda, na unamngoja.

Sasa angalia venye watu wakubwa walivyokipata. 2013 Disney, wakiwa wanatengeneza hiyo Coco, walienda kusajili maneno "Día de los Muertos" kama alama ya biashara. Wamexico wakachemka, na ndani ya siku chache Disney wakarudisha maombi nyuma. Kama hii inakukumbusha kitu, ni kweli, ni hao hao. "Hakuna matata" waliiomba iwe alama yao ya kuuzia tishati 1994, wakaipata 2003, na 2018 tulipogundua tukapiga kelele na kusaini malalamishi. Disney hawakutishika. Wamexico waliwashika kabla muhuri haujagongwa, sisi tukaamka miaka 15 baadaye. Alafu kuna ile paredi kubwa ya mafuvu katikati ya Mexico City ambayo watalii huipigia picha wakidhani ni ya tangu zamani. Ilianza 2016, mwaka mmoja baada ya sinema ya James Bond, Spectre, kuonyesha paredi ya kubuni. Jiji likaona watalii watakuja kuitafuta, likaitengeneza. Sisemi ni mbaya. Watu wanacheza, mahoteli yanajaa. Lakini si ya shosho.

Lila alichukua siku hiyo hiyo 2015 akatengeneza albamu ya Balas y Chocolate, yaani Risasi na Chokoleti. Ilikuwa miezi michache tu tangu wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa wapotezwe, Septemba 2014. Na nchini kwake orodha rasmi ya waliopotea baadaye ilipita watu 100,000. Hebu jiulize: madhabahu ya Siku ya Wafu inahitaji mfu. Mama ambaye hajui kama kijana wake yuko hai ama yuko shimoni anaweka picha gani, mwaka gani anaanza kuiweka? Akiiweka ni kama amekubali amekufa. Asipoiweka na kweli amekufa, mtoto anarudi nyumbani anakuta giza. Ukiskiza hiyo albamu unaskia kumbia, unaskia matarumbeta, unataka kucheza, alafu unashika maneno na unakaa chini. Na nyumbani kwake pia hali ilikuwa mbaya. Mumewe, Paul Cohen, mpiga saksafoni aliyekuwa pia mshika usukani wa muziki wake, alikuwa ameambiwa moyo wake una shida kubwa. Alikuwa anaandika nyimbo za kifo na kifo kiko mezani kwake wanakula nacho.

Hapo ndio naona tofauti na kile kiatu. Kwa Adidas, Oaxaca ilikuwa rangi na jina. Kwa Lila ni mahali ambapo watu wanamjua kwa jina la mathe wake, na wanaweza kumwuliza maswali.

Wenyeji wako na neno la hii kitu: guelaguetza. Siku hizi ni jina la tamasha kubwa la Julai jijini Oaxaca, lakini asili yake ni desturi ya Wazapoteko ya kupeana. Mimi nikiwa na harusi, wewe unaniletea bata mzinga watatu. Inaandikwa kwa daftari. Siku yako ikifika, narudisha. Inaweza kuwa baada ya miaka 10, inaweza kurudishwa na mtoto wangu, lakini daftari halisahau. Mtu yeyote ambaye amewahi kumwona karani wa harambee akisoma majina kwa sauti anaelewa hiyo presha. So kwa macho ya Yalálag, shida ya Adidas haikuwa kwamba walichukua. Watu huchukua kila siku. Walichukua wakiwa hawako kwa daftari la mtu yeyote.

Lila yuko. Amefanya shoo nyingi za kuchangia Fondo Guadalupe Musalem, mfuko unaosomesha wasichana wa jamii za wenyeji Oaxaca. Albamu yake ya Al Chile ya 2019 alirekodi na mabendi ya matarumbeta ya vijijini, wale wanaopiga kwa mazishi na sherehe. 2011 akitoa Pecados y Milagros, aliomba wachoraji wa Mexico wamchoree picha za kuendana na nyimbo, kwa ule mtindo wa picha ndogo ambazo watu hupeleka kanisani kumshukuru mtakatifu aliyewaokoa na ajali ama ugonjwa. Hiyo albamu ilimpa Grammy 2013. Wachoraji nao walionekana.

Kabla mtu aseme nimemfanya malaika, tumguse kidogo. Lila hupiga luku za watu wasio wake. Zile nguo nzito za maua unazomwona nazo mara nyingi ni za Watehuana, Wazapoteko wa upande wa chini karibu na bahari, na albamu iliyomtoa, La Sandunga, imepewa jina la wimbo wa huko huko. Yeye ni Mmixteko. Frida Kahlo pia alikuwa anavaa hizo nguo na hakuwa Mtehuana, na si ajabu sinema ya Frida ya 2002 ndiyo iliyompeleka Lila hadi jukwaa la Oscars 2003, akiimba Burn It Blue na Caetano Veloso. Walibebwa na Eminem na Lose Yourself, kama ulikuwa hujui. Sasa, mtalii wa Ulaya akiona hizo nguo anaona "Mexico" tu, na tiketi inauzwa. Mfumaji wa nguo hiyo anapata bei ya nguo moja, si ya tiketi. Hilo halijaisha, na sidhani wimbo mzuri unalimaliza. Ninachompa ni kwamba anazitaja, anaimba lugha za watu hao, na yuko karibu kiasi cha kukaripiwa.

Ju ubaya wa kuchukua bila daftari unajulikana Oaxaca vizuri sana, na si wa viatu. Kulikuwa na mganga wa Kimasateko huko Huautla de Jiménez, María Sabina. Alikuwa anatibu watu usiku kwa nyimbo, maombi na uyoga ambao kwao ni kitu kitakatifu. Miaka ya 1950 Mmarekani mmoja, R. Gordon Wasson, ambaye kazi yake ilikuwa ya benki, akakubaliwa kuingia kwa ibada hiyo. 1957 akaiandika kwa jarida la Life. Alibadilisha jina la mama, lakini haikusaidia. Wazungu wakaanza kumiminika kijijini kutafuta uyoga wa kuona rangi. Polisi wakaja. Watu wa kijiji wakamlaumu yeye kwa hayo yote, na nyumba yake ikachomwa. Alikufa maskini 1985, wakati tayari uso wake unauzwa kwa tishati. Leo kuna makampuni yanapigania pesa za dawa zinazotokana na uyoga wa aina hiyo. Tafuta jina lake kwa hizo hesabu zao uniambie.

Na si yeye tu. Wamixteko walikuwa wakiandika historia ya familia zao kwa vitabu vya ngozi ya paa, picha tupu za wafalme, ndoa na vita. Kimoja kinaonyesha mti wa Apoala ambao watu wa kwanza walizaliwa kutoka kwake, na Lila aliutumia huo mti kwa albamu ya 2000, Árbol de la Vida. Hicho kitabu kiko Vienna. Kingine kiko London kwa makavazi ya British Museum. Albamu ya picha za shosho iko kwa kabati ya jirani aliyehama.

Mexico ilijaribu kuziba hili shimo kwa sheria. Januari 2022 ilianza kutumika sheria inayosema urithi wa kitamaduni ni mali ya jamii nzima ya wenyeji na Waafro-Mexico, na ukitaka kuutumia kibiashara lazima upate idhini yao. Ukivunja kuna faini na hata jela. Hiyo ilikuja baada ya miaka ya kugombana na Isabel Marant, Carolina Herrera, Zara na wengine ju ya michoro ya nguo. Karatasi iko sawa. Kibarua ni kwa vitendo: nani anasaini kwa niaba ya mji mzima? Oaxaca iko na munisipaa 570, na kwa zaidi ya 400 viongozi huchaguliwa kwa mkutano wa kijiji kufuata mila. Kampuni iliyozoea kusaini na mtu mmoja kwa ofisi yenye lifti inafaa kwenda kukaa kwa huo mkutano, kuskiza watu masaa sita, na labda iambiwe hapana. Kesi ya Adidas ilinyamazishwa na msamaha. Kesi ya kweli itakuwa siku kampuni itakataa kuomba huo msamaha, na hiyo siku ndio tutajua kama hiyo sheria iko na meno.

Paul Cohen alikufa Desemba 2022. Mwaka uliofuata Lila akatoa albamu inaitwa La Sánchez. Downs ndilo jina la budake, ndilo jina lililo kwa mabango yote tangu aanze. Sánchez ni la Anita, yule msichana wa miaka 15 aliyehepa kwenda kuimba kwa makilabu, alafu akauza spea za magari, alafu akamwachia mtoto wake kaunta siku mzee ameingia na karatasi.

Kama unataka kumskiza na hujui uanzie wapi, anza na La Cumbia del Mole, iko rahisi, ni ya chakula. Ukishazoea sauti enda Balas y Chocolate nzima, usiiruke ruke. La Sánchez iweke ya mwisho, usiku, bila kelele za keja.